Naomba ushauri: jedwali la mawazo linakwama kwenye wazo jipya

Habari zenu ndugu zangu. Naongoza kikundi cha wanafunzi wa kidato cha nne wanaojisemea moyoni "hesabu siwezi". Tunatumia jedwali la mawazo la tiba ya Aaron Beck, daktari wa akili aliyeanzisha tiba ya kuchunguza na kurekebisha mawazo yanayoumiza: tukio, maneno niliyojiambia, nayaamini kwa asilimia ngapi, ushahidi wa pande zote mbili, kisha wazo jipya na asilimia yake.

Tatizo ni hilo wazo jipya. Wanaandika "mimi ni bora kuliko wote", na imani ya zamani haitikisiki. Sishangai: utafiti wa Joanne Wood na wenzake wa 2009 ulionyesha kauli tamu kama hizo zinaweza kumzidishia unyonge mtu anayejithamini kidogo. Nimewaelekeza waandike kinachothibitika ("milinganyo napata, jometri bado") na wajisemeshe kwa jina lao badala ya "mimi". Jina linawatuliza kweli, ila asilimia ya kuamini "hesabu siwezi" inashuka kidogo mno.

Je, niwaache kwenye ushahidi tu kwa wiki mbili, au niende kwenye jaribio la vitendo: watabiri alama, wafanye maswali matano, walinganishe? Na ambaye sauti hiyo ya "hesabu siwezi" ni maneno ya mzazi wake kabisa, mnaanzia wapi bila kumvunjia mzazi heshima?