Naomba ushauri: nafuatilia ukoo wa neno *ćatám, nimekwama kwenye Kifini

Wakuu, habarini. Nahangaika na neno *ćatám, yaani "mia", la lugha mama ya Wahindi na Wairani wa kale. Hakuna aliyewahi kuliandika. Wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha wanawe. Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kina śatám, iliyozaa sau ya Kihindi. Kiavesta, lugha ya kale ya upande wa Iran, kina satəm, Kiajemi sad. Babu yake ni *ḱm̥tóm, wa lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, aliyezaa pia centum ya Kilatini. (Mia yetu haimo humu, hiyo ni ya Kiarabu.)

Hadi hapo sina shida. Kinachonitatiza ni Kifini, ambacho si cha ukoo huu hata kidogo, lakini nacho husema sata! Kihungari, ndugu wa mbali wa Kifini, husema száz. Kwamba ni neno la kukopa, hilo halina ubishi. Lilikopwa lini sasa? Kabla India na Iran hazijaachana, au baadaye? Kifini peke yake hakinisaidii, maana s yake inaweza kuwa imetoka kwenye s au kwenye ś laini ya zamani. Kimordvini, ndugu mwingine wa Kifini kule Urusi, kina śado, hapo naona kama harufu ya upande wa India. Halafu lugha za Nuristan, kule milimani Afghanistan, zina "ts" mahali pa ć, nikazidi kuchanganyikiwa.

Mliosoma isimu historia, nitumie kigezo gani? Nilipime pamoja na vasara ya Kifini, "nyundo", inayohusishwa na vajra ya Kisanskriti, au nianze na irabu kwanza?