Ruaha Mkuu kukauka kila kiangazi: ng'ombe wanaonewa au ndio wenyewe?

Wakuu heshima kwenu. Kila ikifika mwezi wa kumi picha za viboko wamebanana kwenye dimbwi la matope la mto Ruaha Mkuu ndani ya Hifadhi ya Ruaha zinaanza kuzunguka, na maneno ni yale yale, wafugaji wamemaliza Ihefu (lile eneo oevu la Usangu, Mbeya, linalolisha mto), watolewe. Mi naomba leo tubishane kwa hesabu.

Mto ulikuwa unatiririka mwaka mzima, mwishoni mwa 1993 ndio ukakatika kwa mara ya kwanza ndani ya hifadhi, na toka hapo karibu kila kiangazi unakatika, miaka mingine zaidi ya miezi 2. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Sumaye, aliahidi ikifika 2010 utatiririka tena mwaka mzima. 2006 na 2007 wafugaji wakaswagwa na mifugo yao, wengine wakafika mpaka Kilwa na Lindi, 2008 Pori la Akiba la Usangu likaingizwa Hifadhi ya Ruaha. Haya, mto umerudi?

Kwa asiyepajua, mito kama Kimani, Chimala, Mbarali na Ndembera inashuka toka nyanda za juu, inamwagika kwenye tambarare ya Usangu, halafu yanayobaki yanaingia Ihefu. Ihefu ni kama karai lenye mdomo mmoja, pale Ng'iriama kwenye kizingiti cha mwamba. Maji yakiwa juu ya mwamba mto unaendelea, yakishuka chini yake hata kidogo basi hakitoki kitu, japo ndani bado kuna maji yanaliwa na jua tu. Kwahiyo kinachoamua ni yale maji kidogo ya kiangazi yanayofika Ihefu.

Sasa piga hesabu. Tuseme ng'ombe laki 3, kila mmoja lita 40 kwa siku (na hapo nimewapendelea wanaowalaumu). Ni lita milioni 12, sawa na lita 140 hivi kwa sekunde. Mfereji mkuu mmoja tu wa shamba kubwa la mpunga unapitisha zaidi ya hapo, na wilaya ya Mbarali ina mifereji mingapi?

Mjaruba:
Mkuu unatuuza sisi wakulima mchana kweupe. Kwanza ng'ombe sio kunywa tu, wanakanyaga kingo, wanakula majani mpaka udongo unabaki uchi, hilo mbona umelikwepa, na walioswagwa wengi walirudi kimya kimya. Pili huo mchele ndio mnaokula huko mjini mkisifia mchele wa Mbeya. Miaka yote tumeambiwa limeni, tukajengewa mabanio ya zege (vizuizi vya mtoni vya kugeuzia maji mferejini) na vibali vya maji tukalipia, leo sisi ndio wezi?

Fundi Mtera:
Nyie hifadhi na mpunga, mi nauliza umeme. Mgao wa 2006 tuliambiwa Usangu wamezuia maji ya bwawa la Mtera. Bila maji mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu inakaa tu. Nani anafidia?

Aliyeanzisha uzi:
Fundi, hapo ndipo watu wanapochanganya. Bwawa la Mtera halijazwi na maji ya kiangazi, linajazwa na mafuriko ya msimu wa mvua, tena linapokea na Ruaha Mdogo na Kisigo. Hata ufunge mifereji yote mwezi wa tisa utaokoa viboko, bwawa hutalijaza. Likikauka uliza mvua ilikuwaje na waliokuwa wanafungulia maji walifungulia lini na kiasi gani. Wakulima wakalaumiwa kwa giza la Dar, mimi hilo naliona uonevu wa wazi.

Ila Mjaruba, mabanio ya zege ndio hoja yangu yenyewe. Banio la kienyeji la miti na mawe lilikuwa linavuja, na mafuriko yakija yanalibeba, kwahiyo mto ulikuwa unapata chake. Zege halivuji. Kiangazi mto mdogo wote unaingia mferejini, na kibali kimeandikwa lita kwa sekunde bila kujali mto wenyewe una lita ngapi siku hiyo. Mpunga wenyewe umeshavunwa, maji yanazunguka kwenye majaruba (vipande vya shamba la mpunga) matupu. La kingo na malisho nakubali ni kweli, ila halikaushi mto kwa miezi miwili.

Mjaruba:
Majaruba matupu unayaona we unayepita na basi. Huo mfereji ndio bomba letu, kijiji kizima kinachota hapo, kinafua hapo, ukiufunga mwezi wa tisa watu wanywe nini? Tuchimbieni visima kwanza ndio mje na kufuli. Halafu anayewahi kuandaa vitalu ndiye anavuna mapema na kuuza kwa bei, huwezi kumwambia asubiri mvua wakati ada za shule hazisubiri.

Na ukisema tufunge, aanze nani? Jumuiya za watumia maji tunazo, zamu tumepangiana, wa juu akifunga usiku wa katikati anafungua, wa chini anaamka mfereji mkavu, kesho yake ni mapanga. Anayetaka maji yafike Ng'iriama aje akeshe na sisi banioni wiki moja ya mwezi wa kumi, tuone atamzuia nani.