Nimepigwa mchana kweupe na yadi: "pikapu yako italivuta bila shida"

Wakuu, kabla hamjaanza kunicheka nijitambulishe. Mimi ni dereva wa semi hapa Marekani, mwaka wa tisa huu. Kabla ya hapo nilikuwa tanboi njia ya Dar–Tunduma. Tela, kingpini na mizani nimevijua tangu sijaota ndevu. Na bado nimepigwa, tena kwenye tela! Ningepigwa kwenye kiwanja ningenyamaza.

Kisa ni hiki. Mama watoto ni nesi, anafanya ile mikataba ya wiki 13 ya kuhamahama. Juni 2025 akapata Amarillo, huko juu Texas kaskazini. Tukapiga hesabu ya kupanga nyumba yenye samani miezi mitatu mitatu, tukaona heri tununue tela la kuishi, tukodi sehemu kwenye uwanja wa matela, mkataba ukiisha tunaondoka nalo. Tukachagua aina ya fifth wheel. Kwa msiolijua, halifungwi nyuma ya bampa kama matela madogo. Shingo yake inapanda ndani ya bodi la pikapu, pini inakaa kwenye sahani, vilevile kama semi. Nikasema hapa ni kwangu, hapa hanidanganyi mtu.

Yadi moja nje kidogo ya Houston ilikuwa nalo la 2013, futi 34, chumba cha kulala juu ya shingo, sebule inayotanuka ukibonyeza kitufe. Dola 19,500. Jina la yadi sitaji, bado tunavutana.

Swali langu la kwanza kwa muuzaji lilikuwa, je, pikapu yangu italiweza? Jamaa hata hakwenda kuitazama. "Hiyo inavuta zaidi ya pauni 11,000. Hili likiwa tupu ni 9,600. Italivuta bila shida." Mimi nikatikisa kichwa kama kondoo.

Wakuu, kuvuta na kubeba ni vitu viwili. Shingo ya fifth wheel inalala mgongoni kwa gari na kama asilimia 20 ya uzito wa tela zima, wakati mwingine mpaka 25. Fungua mlango wa dereva, pale kwenye nguzo kuna stika imeandikwa watu na mizigo kwa pamoja visizidi kiasi gani. Yangu inasema pauni 1,640. Sasa jumlisha. Sahani yenyewe na fremu yake, 150. Mimi na mama watoto, 350, na msiulize nani anachangia nyingi. Vifaa na jokofu dogo la safarini, 100. Hapo zimebaki kama elfu moja za kubebea shingo. Nilipokuja kupima kwenye mizani ya kituo cha malori, tela likiwa na vyombo, nguo na maji, zima lilikuwa 11,200, na shingo peke yake 2,300. Ekseli ya nyuma ya pikapu, ambayo kiwandani wameiandikia mwisho 4,100, ilisoma 4,850.

Mimi! Mtu ambaye kila siku nahesabu mipaka ya ekseli za semi, pauni 12,000 mbele, 34,000 katikati, 34,000 nyuma. Mtu niliyewahi kushushishwa mzigo kwenye mizani ya Vigwaza kwa ekseli kuzidi kidogo tu. Nimetoka yadi na pikapu imekaa kama mbwa anayejisaidia, taa zinamulika juu ya miti, nikajiambia ah, ndivyo zilivyo hizi.

Na nilipima lini? Baada ya tairi kupasuka. Ningepima kabla, uzi huu usingekuwepo.

Tairi lilipasukia barabara ya 287, tumeshapita Vernon, saa tisa alasiri, jua la Texas la kukaangia yai. Nilikuwa naenda maili 70 kwa saa. Sikusikia mlio mkubwa kama wa tairi la semi, ila mama watoto alisema "mbona kuna kitu kinapigapiga?" Nikaangalia kioo, naona vipande vyeusi vinaruka kama kunguru. Kufika pembeni, mkanda wa tairi umeshafanya kazi yake. Umechana sakafu ya chini, umekata waya za breki za upande ule na kuvunja bomba la tangi la maji machafu. Bahati yetu tangi lilikuwa tupu.

Sasa sikilizeni hapa, hasa madereva wenzangu. Matairi niliyakagua! Nilipiga teke, nikapima kina cha kashata, yale meno ya tairi yanayogusa lami, ilikuwa nzuri, karibu mpya. Ujuzi wa semi ndio ulionidanganya. Kwenye semi tairi linakufa kwa kukimbia, kashata inaisha kabla mpira haujazeeka. Kwenye tela la kuishi tairi linakufa kwa kukaa. Limeegeshwa juani miaka, kashata ipo, ndani limeoza. Tarehe yake ya kutengenezwa ni zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi, wiki na mwaka. Upande wa nje hazikuwepo, maana tarehe wanalazimika kuiweka upande mmoja tu wa tairi, na haya yalikuwa yamefungwa upande huo ukitazama ndani. Nikalala chali kwenye kokoto, nikamulika kwa simu: 2216. Wiki ya 22, mwaka 2016. Miaka tisa! Matairi ya matela watu huyabadilisha yakifika mitano, sita, saba. Isitoshe mengi ya aina hii mwisho wake ni maili 65 kwa saa, na mimi nilikuwa nafuata kibao cha barabarani.

Kingine nilichogundua palepale ni kwamba betri ya tela imekufa. Kuna kawaya kanakofungwa kwenye pikapu ili tela likichomoka, kachomoe kipini na breki za tela zijikamate zenyewe. Hizi breki ni za umeme, si za upepo. Umeme wa kuzikamatisha tela likishachomoka unatoka kwenye betri hiyohiyo iliyokufa. Tulitembea maili mia nne na ushee na kawaya ka urembo.

Mtauliza, hakuna ukaguzi? Kuanzia tarehe 1 Januari 2025 Texas wamefuta ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari yasiyo ya biashara. Na leseni? Ya kawaida tu, ile ya kuendea dukani, mradi gari na tela kwa pamoja viwe chini ya pauni 26,001. Yaani mimi nimesomea, nimepimwa, nakaguliwa kila leo, halafu mstaafu asiyewahi kuvuta hata toroli anaondoka yadi na futi 34 nyuma yake.

Tukafika Amarillo siku ya pili. Hapo ndipo likaanza la friji.

Pale yadi nilifungua friji, ndani joto kama nje. Muuzaji akasema, "Friji hizi si kama za nyumbani, zinafanya kazi kwa gesi au umeme, zinachelewa kupoa, zipe usiku mzima." Nikaingia mtandaoni hapohapo, nikakuta ni kweli, zinaweza kuchukua hata saa 12, na tela lazima liwe limesawazishwa. Nikaridhika. Yaani alinipiga kwa ukweli! Hajasema uongo hata neno moja. Ila alijua hiyo ya kwangu haitapoa usiku mmoja wala usiku arobaini. Nilipofungua kile kifuniko cha nje, nikakuta unga wa njano umeganda kwenye mabomba na harufu ya amonia inakata pua. Fundi wa uwanjani alitazama sekunde tano akacheka. Mfumo mzima wa kupoza umevuja siku nyingi.

Paa nalo. Siku ya ukaguzi ndani kulinukia vanila, yale manukato ya kuchomeka ukutani yalikuwa matatu. Mama watoto aliniuliza kwa nini matatu. Nikamwambia wazungu wanapenda usafi. (Hili linarudishwa mezani kila tukigombana.) Mvua ya kwanza Amarillo, tone, tone, kwenye kona juu ya kitanda. Nikatoa nguo zote kabatini, nikabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Kikazama. Ukuta ulikuwa laini kama kitumbua kilicholowa kwenye chai, umebandikwa karatasi mpya ya maua juu yake. Nikapanda juu ya paa. Ni mpira mweupe, na kuzunguka kila tundu la hewa kunapakwa gundi maalumu ambayo inatakiwa kukaguliwa mara kwa mara na kurudiwa. Hiyo gundi imepasuka kama udongo wa Dodoma kiangazi. Juu yake mtu kapaka silikoni ya bafuni, bado inang'aa. Ya wiki hiyohiyo, naapa.

Kosa moja ni langu, nisiwasingizie. Tulipounganisha bomba la choo na la uwanja, niliacha koki wazi muda wote, nikijua ni kama nyumbani. Kumbe maji yanakimbia, mzigo unabaki. Wiki ya tatu choo kikakataa. Mzee mmoja jirani kutoka Oklahoma akanisikia natukana Kiswahili, akaja na mpira wake wa maji, akanieleza taratibu kwamba koki inafungwa, unasubiri tangi likaribie kujaa, ndipo unafungua liondoke lote kwa kishindo. Tulishinda siku nzima tunabomoa Mlima Meru humo ndani. Hakutaka hata soda.

Nimewapigia yadi mara kumi na moja. Jibu ni moja: ulisaini karatasi ya "kama lilivyo". Kweli nilisaini, ukurasa wa saba. Ile sheria ya Texas ya kuwalinda wanunuzi wa magari mabovu, wanaiita Lemon Law, ni ya magari na matela mapya, mitumba iliyokwisha dhamana ya kiwandani haimo. Wiki iliyopita wakaniambia nikitaka wanalichukua tena, kwa 8,000. Nina hakika watapachika vanila nyingine tatu.

Mpaka sasa matairi manne mapya, betri, sakafu ya chini na waya za breki vimekula dola 2,900. Friji na paa sijagusa. Kulihamisha itabidi nikodi pikapu kubwa yenye matairi sita, maana yangu sitaifunga tena na hili jitu.

Na nyinyi mliopo lile kundi letu la WhatsApp la madereva, mnaojiandaa kuandika "ungeuliza kwanza mkuu". Niliuliza. Mei tarehe 28, nikaweka na picha kumi na mbili. Majibu yalikuwa "chukua mkuu", "kitu kikali hicho", "tuchomee nyama", na mmoja aliuliza kama televisheni inabaki. Hakuna hata mmoja aliyeuliza stika ya mlangoni inasemaje, na kundi zima tunaishi kwa mizani.

Televisheni haikubaki. Ninachotaka sasa ni fundi wa paa aliyepo Amarillo au hata Lubbock, anayejua matela, asiyetumia silikoni. Aje PM, utabiri unasema mvua Alhamisi.