Wakuu, kompyuta ya mashine ya kuchonga milango niiwekee Windows?

RandaKavu: Nipo karakana moja Keko, milango na vitanda. Mashine yetu ya CNC inaendeshwa na kompyuta kuukuu. Bosi anataka Windows, vijana wameizoea. Ni sawa? Nijibuni haraka, usingizi sina.

MamaNaima: King'amuzi changu kiliganda katikati ya mechi. Kuzima na kuwasha, maandishi meupe kwenye kioo cheusi, na neno Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows. Kumbe tunaishi nayo! Mume wangu akasema tumerogwa.

KiiniMacho: Rauta nyingi nazo, na kila simu ya Android. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, tangu Novemba 2017 ni Linux tupu. Hata kihelikopta cha NASA kilichoruka Mirihi 2021.

RandaKavu: Mirihi sawa. Mlango wangu je?

WayaMwekundu: Waya unaoingia kwenye mashine una pini 25, kama wa printa za zamani?

RandaKavu: Huohuo, una skrubu mbili pembeni. Ilikuwa ikiwaka inaleta picha ya pengwini.

WayaMwekundu: Pengwini ni nembo ya Linux. Hiyo LinuxCNC, programu ya Linux ya kuendesha mashine kama yako. Mota zinataka mapigo kwa wakati wake, yakichelewa kidogo tu kisu kinakula mbao. Hata Mach3, programu ya kazi hiyohiyo kwenye Windows, kwa waya huo inataka Windows ya biti 32, si 64. Ila mbona unasema "ilikuwa"?

RandaKavu: Nimeshaifomati juzi. Msinirukie, yule ndege nilijua ni kirusi. Na Windows 10 ya biti 64 imekaa vizuri kabisa, ni mashine tu haisogei.

MzeeWaBusara: Vijana mnagusa msichokijua. Hela ya bosi umeshakula?

RandaKavu: Elfu themanini, na humo kuna nauli.

Kachero: Chai hii. Mwezi jana huyuhuyu alikuwa nesi Mbeya, kaachwa na mchumba.

MamaNaima: Eeh, nakumbuka! Mlirudiana?

RandaKavu: Akaunti natumia na dada yangu. Turudi kwenye mada.

WayaMwekundu: Chai au si chai, LinuxCNC ni ya bure, unaipakua leo. Shida ni mafaili ya .ini na .hal: ndiyo yanayojua mota izunguke hatua ngapi kwa milimita na pini ipi ni ya nini. Aliyewafungia hakuacha nakala?

RandaKavu: Kuna flashi kwenye droo ya bosi. Naona faili linaishia na .hal. Niifomati kwanza, isije ikawa na yule ndege?