Mrejesho: uso wa mzee uliogoma kucheka

Wakuu, niliuliza kwa nini uso wa uzee niliomtengenezea mwigizaji unakakamaa akicheka. Mkanielekeza kwa Dick Smith, fundi mekapu wa filamu wa Marekani aliyefariki 2014: achana na barakoa nzima, tumia vipande vya povu la mpira vinavyopandiana. Nimejaribu. Shavu peke yake, kidevu peke yake, kingo nyembamba kama ganda la kitunguu. Jana kacheka, mikunjo ya macho ikacheka naye! (Kidevu kilibanduka pembeni, gundi niliibania.) Ila kilichonigusa ni kwamba mzee Smith hakuficha kanuni zake za kuchanganya dawa. Rick Baker, naye fundi mekapu, alimwandikia akiwa kijana tu, akapokelewa, na 1982 akabeba Oscar ya kwanza kushindaniwa ya mekapu. Fundi aliyenifunza mimi alinitoa chumbani kila akichanganya dawa.