Gari iliyolala miaka haiwashwi kwa kuvutwa na kamba! Fundi kaninokishia Datsun 240Z, na kabureta hazionekani

Assalaam alaykum wana jamvi.

Uzi huu nauandika kwa hasira na sitaki kuificha. Jina la mtu wala la gereji silitaji, maana jambo hili linakwenda kwa sheha, mkuu wa mtaa wetu, kwanza, na likishindikana hapo litakwenda polisi. Lakini kila mwenye gari ya zamani, awe Unguja awe Pemba, asome kabla hajamkabidhi mtu ufunguo.

Gari yenyewe ni Datsun 240Z, ile ya milango miwili yenye boneti ndefu, usukani kulia, injini L24 ya silinda sita za mstari mmoja, cc 2393. Ilikuwa ya marehemu ami yangu. Alikuwa akifanya kazi Mombasa, Kenya, na akaivusha kuja nayo katikati ya miaka ya 80, wakati biashara ilipofunguliwa hapa kwetu Unguja na watu wakaanza kuingiza vyao. Akaiendesha mpaka macho yalipomkatalia, kisha akaitia bandani kwake Mbweni, akaifunika turubai, na hakuna aliyeigusa tangu mwanzoni mwa miaka ya 90. Alipofariki, warithi tukakubaliana niichukue mimi kwa sharti moja: isiuzwe, irudi barabarani.

Kwa wasioijua, hii ndiyo gari iliyoshinda Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, mwaka 1971, ndani yake wakiwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na nafasi ya pili ikashikwa na 240Z nyingine. Mwaka 1973 ikashinda tena, safari hiyo dereva akiwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na msomaji ramani wake Lofty Drews. Ni gari iliyopimwa kwenye vumbi na tope la Afrika Mashariki, dunia nzima ikitazama. Nilipomweleza fundi hayo kanijibu, "Datsun ni Datsun tu, pikapu ngapi nishazifungua mie." Hapo hapo ningesikia alivyoisema, lakini kazi zake za gari nyingine nilikuwa nimeziona na zilikuwa nzuri, na aliyemdhamini kwangu ni mtu wa heshima.

Masharti nilimpa kwa mdomo, kisha nikamwandikia kwenye karatasi, akayasoma mbele ya shahidi. "Hamna neno, sheikh, hii kazi ndogo." Sharti la kwanza kabisa, na nililipigia mstari: injini isizungushwe kwa stata wala kwa kuvutwa mpaka izungushwe kwanza kwa mkono, na mimi mwenyewe nipo.

Nieleze kwa nini, maana pale gereji walilicheka sharti hili. Gari ikilala pwani, hewa yenye unyevu na chumvi inaingia kupitia ekzosi na kupitia kabureta, inafika mpaka ndani ya silinda ambazo vali zake zimesimama wazi. Oili iliyokuwa ikiukinga ukuta wa silinda imeshachuruzika chini zamani. Ringi za pistoni zinashikana na kutu pale pale zilipoachwa. Kwa nje huoni kitu, injini inang'aa baada ya kupigwa kitambaa, lakini ndani imeshikwa. Ukiilazimisha, ama ringi zinakatika ama zinaparura silinda, na mara nyingi yote mawili.

Dawa yake ni subira tu. Unafungua plagi zote sita, unamimina oili nyepesi kila tundu, unaiacha siku kadhaa, unarudi unaongeza. Kisha unatia spana kwenye nati ya puli ya kranki, unasukuma taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikikataa unaiacha, unamimina tena, unakwenda zako. Ikishazunguka laini bila kukwaruza, unamwaga oili ya zamani, unatia mpya na filta mpya, unafungua kifuniko cha juu uitazame cheni ya taiming na kuimwagia oili kamshafti, kwa sababu nayo imekauka miaka yote hiyo. Halafu, plagi zikiwa bado ziko nje, ndipo stata inapigwa, mpaka geji ya oili ionyeshe presha. Mpaka hapo hata tone la petroli halijaingia kwenye injini. Na hiyo petroli ya kwanza haitoki kwenye tangi la gari, inatoka kwenye kidumu safi chenye mpira mpya. Tangi la gari ile lilikuwa bado lina petroli ya zamani iliyotiwa madini ya risasi, ambayo huku kwetu ilikwisha kuondoka mwanzoni mwa mwaka 2006. Yalikuwa yamekauka yakabaki utomvu mzito wenye harufu ya vanishi, na juu yake kutu tupu.

Yote haya niliyaandika. Yote.

Sasa sikilizeni alichofanya. Sikuambiwa na mtu, nimeona kwa macho yangu, kwa sababu kijana wa pale gereji aliirekodi video akaiweka status akijisifu. Gari imetolewa nje, imetiwa petroli mpya juu ya ule uchafu wa ndani ya tangi. Betri imebustiwa kutoka kwenye gari ya abiria. Stata ikapiga mara moja, ikagoma, maana injini imeshikwa! Mtu mwenye akili angesimama hapo. Wao wakafunga kamba, wakaivuta na gari nyingine, mtu ndani kaweka gia, kaachia klachi ghafla. Tairi za nyuma zikaburuza lami. Wakarudia. Wakarudia tena mpaka kitu kikaachia ndani, ikakohoa, ikawaka, moshi mweusi na mweupe umefunika barabara, na watu wanapiga makofi. Video inaishia kwenye makofi. Haionyeshi pale iliponoki muda mfupi baadaye.

Na kuvutwa kwenyewe kulifanyika barabara ya Chukwani, saa ambazo watoto wanatoka madrasa, kwa gari isiyo na breki hata kidogo. Breki za 240Z mbele ni diski na nyuma ni dramu, na zote zilikuwa zimekufa. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, kwa hiyo yakikaa miaka bila kubadilishwa masta silinda na wili silinda zinaota kutu kwa ndani na pistoni zake zinaganda. Kwenye karatasi niliandika: fungua zote, badilisha mipira yote, badilisha na hosi. Yeye kaona chombo kikavu, akajaza oili ya haidroliki. Oili ya haidroliki kwenye breki za namna hii inaivimbisha mipira, ikavimba kweli, na sasa breki za mbele zimekamata hata gari haisukumiki. Tairi nazo ni zile zile alizoziacha marehemu, zimepasuka ubavuni, kaziongeza upepo akazipeleka barabarani. Tairi ya karne hii ina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka iliyotengenezwa. Hizi zina tatu, maana yake ni za kabla ya mwaka 2000. Hata kusoma ubavu wa tairi imekuwa shida!

Nilileta fundi mwingine, mtu mzima, mtulivu, akafungua hedi mbele yangu. Silinda mbili zimeparurika vibaya na ringi zake zimekatika vipande. Katika silinda nyengine unaiona alama ya kutu iliyozunguka pale pale pistoni ilipokuwa imekaa miaka yote. Oili iliyotoka chini ni ile ya ami, nyeusi, nzito, haikubadilishwa. Na kwenye rejeta tukakuta maji ya kisima. Wakaazi wa upande ule wa pwani wanajua maji ya visima vyetu yalivyo na chumvi. Hedi ya injini hii ni alumini na bloku ni chuma, na ukizikutanisha metali hizo mbili kwenye maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Kulenti, yale maji maalumu ya kupozea injini, nilimnunulia mimi mwenyewe, nikamkabidhi mkononi. Haijulikani iko wapi.

Lakini lililonichoma zaidi ni kabureta.

Gari hii ina kabureta mbili za Hitachi, muundo wa SU, kila moja inalisha silinda tatu. Ndani kuna pistoni ndogo inayonyanyuka kwa nguvu ya hewa, na chini yake sindano iliyochongwa nyembamba kwenda ncha, inayopima petroli kadiri pistoni inavyopanda. Zinatengenezwa jozi, zinapatanishwa jozi, na ukipoteza moja ya pili inabaki haina mwenzake. Zilikuwepo gari ilipoingia pale. Ninazo picha. Nilipokwenda nikakuta manifodi iko tupu, imezibwa matambara. Namuuliza, ananijibu, "Zile mbovu, nimezitupa, nitakutafutia moja ya pikapu, itakaa vizuri zaidi." Ametupa wapi? Jaa gani? Kimya. Siku ya pili kasema alimpa mtu azisafishe. Siku ya tatu kasema hakuziona kabisa, gari ilikuja bila. Mtu ambaye amekitupa kitu cha mwenzake bila idhini ni mkosefu. Mtu ambaye maneno yake yanabadilika kila akiulizwa, mimi namwita mwizi, na nitalisema hilo mbele ya sheha.

Dashibodi nayo. Wanaozijua 240Z watanielewa. Dashibodi zake ni maarufu kwa kupasuka, jua linaila ile plastiki ya juu mpaka inachanika, na nzima ni adimu popote duniani. Ya ami ilikuwa nzima kwa sababu ilikaa gizani chini ya turubai. Fundi kaiacha gari nje, vioo wazi, jua la kaskazi mchana kutwa, kisha masika ikaanza nayo imenyeshea ndani. Sasa ina ufa kutoka kwenye geji mpaka upande wa abiria. Hilo halihitaji ujuzi wa ufundi, lilihitaji turubai ambalo lilikuja pamoja na gari.

Ya bodi sitayarefusha. Sakafu ilikuwa na kutu, nilijua, gari zote hizi zinaota kutu sakafuni na chini ya betri. Nilitaka ikatwe bati bovu, ichomelewe bati jipya. Yeye alikuwa ameshaanza kubandika puti, ule udongo wa kuzibia bodi, juu ya kutu.

Nimelipa milioni mbili na laki nne mpaka sasa, na risiti ya mkono ninayo yenye saini yake. Nilipomdai anirudishie, akaniambia gari "ilikuwa mbovu toka zamani" na nishukuru aliiwasha. Nishukuru! Injini iliyokuwa imeshikwa na kutu kidogo ingefunguka kwa oili na subira. Sasa inataka kuchongwa bloku, pistoni za ovasaizi, ringi, na hedi kuangaliwa upya. Kutoka hasara ya oili lita kadhaa mpaka hasara ya injini nzima, kwa sababu ya kutaka makofi ya barabarani.

Sisemi mafundi wetu wabaya. Wapo walioziweka hai gari za abiria kwa miaka bila spea za maana, na ninawaheshimu kwa dhati. Huyo mtu mzima aliyefungua hedi hakuwahi kuigusa 240Z maishani mwake, lakini kabla ya kushika spana aliniuliza imelala tangu lini, akanusa tangi, akasema, "Hii hatuiwashi leo." Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta toka mwanzo.

NYONGEZA baada ya kusoma mliyojibu:

Anayesema niiuze chuma chakavu, asante, haiuzwi. Nimeshasema sharti la warithi.

Anayesema nitie injini ya gari ya kisasa nisahau habari ya L24: naelewa kwa nini mtu angefanya hivyo, lakini bloku bado inaweza kuokolewa. Kipenyo cha silinda ni milimita 83 na michubuko tuliyoipima inaonekana itaondoka kwa kuchongwa. Anayejua mahali pa kuchonga bloku kwa uangalifu, Unguja au Dar, anielekeze. Awe mtu anayepima kabla na baada, na anayekubali nisimame pale.

Aliyeuliza kama fundi amepewa nafasi ya kujieleza: amepewa, mara nyingi, na nimempa mpaka Ijumaa baada ya sala. Kabureta zikirudi zote mbili, hata zikiwa chafu, habari ya fedha tutakaa tuizungumze kwa sheha kwa utulivu. Zisiporudi, Jumamosi naandikisha polisi nikiwa na picha, karatasi ya masharti na ile video yao wenyewe.

Na kwa wote: ni jozi ya alumini, vifuniko vya juu vya duara, neno HITACHI limeandikwa mwilini, na ile ya mbele ina kipande cha waya wa shaba ambacho marehemu alikifunga kwenye springi ya aksilereta. Mkionyeshwa Darajani, Mwanakwerekwe, Saateni au popote, au mkisikia zinapandishwa boti kwenda Dar, msinunue. Nitumieni ujumbe hapa hapa, usiku au mchana, nakuja.