Mke wangu mzazi kachanika mshipa wa moyo, dakta hakumwekea stenti. Tumrudishe Pemba au tubaki Dar?

MtuWaWete
Asalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri, na mwenye maneno ya kejeli ayaweke kwa leo.

Mke wangu ana miaka 36. Mtoto wa tatu huyu, kajifungua salama Wete, kwa njia ya kawaida. Presha hana, sukari hana, sigara hata harufu yake haitaki. Hajamaliza arubaini ya uzazi, asubuhi anamnyonyesha mtoto, kifua kikambana. Maumivu yakapanda taya, yakashuka mkono wa kushoto, jasho likamtoka mpaka kanga ikarowa. Kituo cha kwanza tulichokwenda wakasema gesi, wakampa dawa ya kiungulia. Usiku yakamrudia. Tukenda spitali kubwa, wakampima umeme wa moyo na damu, wakasema ni mshtuko wa moyo. Tukavuka Dar.

Huko wakampitishia waya mkononi, wakapiga picha mishipa ya moyo. Dakta akatuita mie na shemegi yangu, akatwambia mshipa haukuziba kwa mafuta, umechanika wenyewe kwa ndani. Karatasini wameandika SCAD, ndo kifupi cha Kizungu cha huo mchano. Stenti, kile kijibomba cha waya cha kuuweka mshipa wazi, hawekewi, wakamweka wodini wamwangalie, wakamruhusu na dawa. Sasa tupo kwa shangazi yake Temeke.

Ugomvi uko hapa. Mama mkwe anataka mwanawe arudi Wete amalize arubaini nyumbani, akandwe, anywe uji wa pilipili manga. Shemegi anasema tumepunjwa, mtu ana mshipa mbovu anaachwaje bila kuzibuliwa, tuchange twende India. Jirani keshatoa hukumu: husda. Mie nimekaa kati, kila mtu anavuta kwake.

KasaMwekundu
Mafuta hayo kaka. Urojo na chipsi kila jioni, mishipa itaachaje kuchoka? Apunguze.

NesiMstaafu_Ngambo
KasaMwekundu, soma swali kwanza mwanangu. Mtu kaandika wazi kabisa kuwa dakta kasema si mafuta.

MtuWaWete, pole sana baba, na mpe pole mkeo. Nikueleze nijuavyo. Ukuta wa mshipa una tabaka. Umeona nyumba za Mji Mkongwe, chokaa inavyobambuka, maji yakaingia nyuma yake ukuta ukavimba kwa ndani ya chumba? Ndiyo hivyo. Damu inaingia baina ya tabaka za ukuta wa mshipa, pale inavimba, inaubana mlango wa kupitia damu. Moyo ukikosa damu, ndo mshtuko. Wengine huwa na mchano unaoonekana, wengine ni damu tu imejikusanya ndani ya ukuta bila mchano kuonekana.

Sasa ukiingiza stenti mahala kama hapo, waya wenyewe unaweza kupita njia ya uongo, au ile damu ikasukumwa mbele na mchano ukarefuka. Ndo maana mgonjwa akiwa ametulia, presha yake nzuri, maumivu yamekwisha na damu inapita, madaktari humwacha, mchano ujifunge wenyewe. Na hujifunga. Wengi waliopigwa picha tena baada ya mwezi na zaidi hukutwa umepona. Stenti au upasuaji huwekwa kwa yule ambaye maumivu hayaishi, au mapigo yanavurugika, au mshipa mkuu wa kushoto ndio ulioumia. Mwambie shemegi yako dakta hakumpunja mtu. Kuacha nako ni tiba, na kunataka moyo mgumu.

MvuviMsomi
Naongezea. Jambo hili liliandikwa mara ya kwanza 1931, mwanamke wa miaka 42, na lilijulikana baada ya kufa. Kwa miaka mingi walidhani ni nadra. Siku hizi wanasema kwa wanawake wa miaka 50 kushuka chini, linaweza kufikia theluthi ya mishtuko yote ya moyo. Karibu 9 kati ya wagonjwa 10 ni wanawake. Na kwa wajawazito na wazazi ndiyo sababu inayoongoza, khasa wiki za mwanzo baada ya kujifungua. Kwa hiyo mkeo si kioja.

DadaWaMakunduchi
Mie yamenikuta, na sikuwa mzazi, umri wangu ulikuwa arubaini na kitu. Tulikuwa na msiba mzito, nikashinda nalia na kubeba masufuria ya watu. Na mie niliambiwa vidonda vya tumbo, kwa sababu ni mwanamke, mwembamba, sina presha. Kipimo cha kwanza cha umeme kilitoka safi! Kilichonisaidia ni dakta kijana aliyesema turudie, na tupime damu ile ya troponini, inayopanda moyo ukiumia, mara ya pili baada ya saa kadhaa. Ndo ikapanda.

Sikuwekewa stenti. Nilipewa aspirini na dawa ya kupunguza kasi ya moyo, ile ya jamii ya "olol", na mpaka leo nameza. Picha ya pili mshipa ulikuwa umepona. Mwani nimeacha kubeba. Gunia bichi hunyanyui bila kukaza pumzi, na hiko ndicho dakta alichonikataza: kukaza pumzi na kunyanyua. Kutembea natembea kila siku.

Tena kaka, mtu wako ataogopa. Kila kichomo atadhani kimerudi. Usimwambie "acha woga". Kaa naye.

Ustadhi_Konde
Kuhusu husda: kisomo someni, hakina ubaya, na mie nitamuombea dua. Lakini asiwepo wa kumwambia aache dawa kwa sababu kasomewa. Na habasoda na vitunguu thomu vya kumeza kwa vijiko, msimpe mpaka dakta ajue, maana dawa zake zinazuia damu kuganda.

MtuWaWete
Mungu awalipe kheri. Shemegi nimemsomesha maneno ya Bi Nesi, kapoa kidogo, ingawa bado anaitaja India. Swali: mama mkwe anasema hizo dawa zitaingia kwenye maziwa, anataka aache ama dawa ama kunyonyesha. Na hilo la kurudi Wete?

NesiMstaafu_Ngambo
Asiache chochote kwa kauli ya barazani. Soma jina la dawa kwenye boksi. Zile za "olol" si sawa zote: metoprolol na propranolol hutumika kwa wanaonyonyesha, atenolol huingia kwenye maziwa kwa wingi zaidi. Aspirini ya kipimo kidogo kwa kawaida haizuii kunyonyesha. Mkimwambia dakta kuwa ananyonyesha, na kama hamkumwambia mwambieni, atachagua inayofaa. Kuikata ghafla dawa ya "olol" kuna hatari yake.

Kuhusu Wete. Wiki za mwanzo ndizo za kuchunga, mchano unaweza kuendelea au kutokea mwengine. Saa nane usiku maumivu yakirudi, Temeke mtapanda gari mkafika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, wana mtambo wa kupiga picha mishipa. Wete saa nane usiku boti hakuna, ndege hakuna. Mie ningebaki mpaka kliniki ya mwanzo ipite. Arubaini haina kisiwa, mama mkwe na apande boti, akamkande mwanawe huko huko. Uji wa pilipili manga hata Temeke unapikika. Na mkunga wake msimlaumu, kumkanda hakukumchana mtu mshipa.

Mkasi_wa_Chake
Bi Nesi kamaliza 😂 Mama mkwe akifika Temeke, shangazi na yeye atakoma.

DadaWaMakunduchi
Kliniki ulizieni pia picha ya mishipa ya shingo, figo na tumbo. Wengi wetu tuna udhaifu wa mishipa mahala pengine na hatujui. Mie nilikutwa nao kwenye figo, presha yangu inaangaliwa kwa sababu hiyo.

MtuWaWete
Nimeandika kwenye karatasi: dawa na maziwa, picha ya mishipa mengine, na lini anaweza kunyanyua ndoo. Mama mkwe kakubali kuja, anataka nimtafutie boti isiyotikisika. Boti hiyo ipo?

MvuviMsomi
Haipo. Apande ya asubuhi, akae nyuma.

NesiMstaafu_Ngambo
Ongeza la nne, baba: uzazi wa mpango. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni havimfai, aulizie kitanzi. Na mimba nyengine isiingie kabla hamjakaa na dakta wa moyo na wa uzazi pamoja. Hilo msingoje arubaini iishe ndo mlizungumze.